Mzee Yuko Nyumbani, Gharama Iko kwa Nani?

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Mzee aliyepigwa na kiharusi upande mmoja, asiyeweza kujigeuza kitandani wala kufika msalani, anahitaji mtu karibu saa zote 168. Ukigawanya, saa za ziada zikiwemo, unapata watu watatu, na hao wanatosha iwapo tu hakuna anayeugua, anayefiwa wala anayekwenda kwao kwa sikukuu.

Sasa pita hapa Tanga mjini, Ngamiani, Makorora, Mabawa, Chumbageni, au shuka hadi Kigombe na Pangani, uhesabu ni nyumba ngapi zenye watu watatu wanaopokezana kumuuguza mzee mmoja. Utakachokuta karibu kila mahali ni mwanamke mmoja. Pengine ni binti aliyeachika akarudi kwao, au mkamwana, au mjukuu aliyemaliza darasa la saba akaambiwa akae na bibi kwa muda. Pengine ni msichana wa kazi kutoka Lushoto au Handeni aliyeajiriwa kupika na kufua, kisha mama mwenye nyumba akaanguka bafuni na kazi ikabadilika bila mshahara kubadilika.

Watu wa pwani tunapenda kusema kwamba sisi hatuwapeleki wazazi wetu kwenye nyumba za kulelea wazee. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini sifa hiyo ina mtu anayeibeba. Uuguzi wa nyumbani una bei kama uuguzi wa hospitali. Tofauti ni kwamba hospitali hukupa karatasi yenye jumla, na nyumbani bei hiyo hukatwa kwenye usingizi, mgongo, ndoa na biashara ya mtu mmoja ambaye hakuna anayemwandikia chochote.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati yao wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walikuwa karibu milioni tatu na nusu. Mkoa wa Tanga peke yake ulikuwa na watu 2,615,597. Wengi wa wazee hao hawajalala kitandani. Wanalima, wanasuka makuti, wanauza maandazi asubuhi, na wengi wao ndio wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam au Muscat. Bibi anayeamka alfajiri kumwandaa mjukuu wa madrasa na wa shule ni mlezi kabla hajawa mtu wa kulelewa. Siku anapoanguka, nyumba inapoteza mfanyakazi na kupata mgonjwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana pigo huwa kubwa kuliko familia ilivyotarajia.

Na kiharusi ndicho kinachowaangusha wengi. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam, uliona visa vipya vya kiharusi karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na karibu 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kiwango cha Dar kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyokuwa vimewahi kuandikwa duniani. Chanzo kikuu ni presha isiyopimwa, au inayopimwa na dawa zake zikaachwa mtu akipata nafuu. Sioni sababu ya kudhani kwamba Tanga, mji wa bandari wenye maisha yanayofanana na ya Dar, imesalimika. Huko huko Hai, utafiti mwingine uliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita na kukuta zaidi ya sita katika kila mia wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwetu ugonjwa huo huitwa uzee tu, au husemwa mzee amechezewa, na anayemfuata mzee anayetoka usiku kutafuta nyumba aliyozaliwa huambiwa avumilie.

Familia inapokubali kwamba inahitaji mtu wa kulipwa, humtafuta kwa mdomo. Mama muuza samaki wa soko la Deep Sea anamjua binti wa jirani yake, shangazi wa Korogwe ana mtoto wa ndugu, dereva wa basi ameulizwa na mtu anayetafuta kazi. Njia hii ina faida kubwa moja: kuna mtu anayemdhamini anayekuja, na akiondoka na simu ya bibi mnajua pa kuuliza. Kasoro yake ni kwamba mdhamini husifu tabia. Atakuambia binti ana adabu, haibi, anasali. Hakuambii kama amewahi kumgeuza mgonjwa, kwa kuwa hata yeye hajui kwamba hilo ni swali.

Ni swali la kwanza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo nyama ya kiunoni, nyongani na visiginoni hukosa damu na kuanza kufa. Kidonda cha kulalia huanza kama alama nyekundu ambayo mtu asiyejua hudhani ni joto la kitanda. Kikishafunguka huchukua miezi kupona, kama kitapona, na huwaua wazee wengi ambao kiharusi chenyewe kilikuwa kimewaacha hai. Hali kadhalika kulisha. Mzee mwenye koo lililolegea akipewa uji akiwa amelala chali, uji huingia mapafuni, na baada ya siku chache ana homa ya mapafu ambayo hakuna anayeihusisha na kijiko. Mwenye mpira wa mkojo anahitaji mtu anayejua kwamba mfuko hauinuliwi juu ya kibofu. Mwenye kisukari anayetokwa jasho jingi na kuongea ovyo saa nne asubuhi anahitaji sukari upesi kabla ya mtu wa kumsomea. Haya yote yanafundishika kwa siku chache kwa mtu asiyejua hata kusoma. Kinachokosekana ni mwalimu.

Mwalimu huyo yupo karibu kuliko watu wanavyofikiri. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali ya Bombo au ile ya Teule ya Muheza, mwombeni nesi wa wodi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe palepale kitandani, na anayefundishwa awe yule atakayebaki naye nyumbani. Mara nyingi anayekwenda kumchukua mgonjwa ni kaka mwenye gari. Yeye ndiye anayepewa maelezo, anasaini, anarudi Dar jioni ile ile, na maelezo yanaondoka naye.

Pia mkoa una vyuo vinavyotoa wauguzi, Tanga mjini na Muheza, na kama ilivyo nchi nzima wapo wahitimu wanaosubiri ajira za serikali, wengine kwa miaka. Kijana wa namna hiyo anaweza kupatana na familia nne au tano za mtaa mmoja. Apite kila nyumba mara mbili kwa wiki, apime presha na sukari, aangalie ngozi, asafishe kidonda, amsahihishe anayeuguza. Hiyo ni bei ambayo familia za kawaida zinaweza kuchangiana, kuliko kumwajiri muuguzi mzima kwa nyumba moja. Nashangaa ni kwa nini misikiti na makanisa yetu, yanayojua fika nani amelala wapi, hayajaifanya kazi hii ya kuunganisha pande mbili. Imamu na katekista wanazo orodha za wagonjwa kichwani mwao.

Kuna jambo la stara ambalo waandishi huliruka na familia za pwani haziwezi kuliruka. Mama hawezi kuogeshwa na mwanamume yeyote tu, na baba hataki kuogeshwa na binti yake, achilia mbali mkamwana. Hivyo nyumba ya mzee mwanamume hukwama mahali ambapo nyumba ya mzee mwanamke haikwami, kwa maana wanaoomba kazi za ndani karibu wote ni wasichana. Mke ndiye anayemuuguza mume, na kwa kawaida naye yuko katika miaka ya sitini au sabini. Anamwinua peke yake mtu mzito kuliko yeye. Baada ya mwaka mmoja mna wagonjwa wawili. Wanaume vijana wanaweza kabisa kufanya kazi hii: hospitalini wauguzi wanaume wapo, na msibani wanaume ndio wanaomwosha maiti mwanamume bila kuona haya. Mtu anayeweza kumwosha babu yake siku ya mwisho anaweza kujifunza kumwogesha akiwa angali anasikia na kushukuru. Wajukuu wa kiume wapewe zamu, na wapewe mapema, kabla bibi hajaumia mgongo.

Sasa fedha. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa majumbani asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala humo, ukiacha wanaoajiriwa na mabalozi na wakubwa wenye viwango vyao. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo kabla ya kuahidi mshahara mtu aulize ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi cha CHODAWU amri inayotumika sasa. Lakini chukueni tarakimu hizo kama zilivyo mfanye hesabu.

Watu watatu kwa 120,000 kila mmoja ni 360,000, bila saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu, na bila nyongeza ya asilimia tano kwa kazi ya usiku. Ongezeni pampasi. Mgonjwa wa kitandani hutumia tatu hadi nne kwa siku. Tuseme nne, na kwa ajili ya hesabu tu tuseme moja ni shilingi 1,500. Hiyo ni 180,000 kwa mwezi. Tumefika 540,000, na bado hatujanunua dawa ya presha, sabuni, maji, maziwa, wala kulipa bodaboda ya kwenda kliniki. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Kwa maneno mengine, mtoto aliyepata kazi serikalini ngazi ya chini, akatuma nyumbani kila shilingi anayolipwa asibakize hata nauli, hawezi kumwekea mama yake mmoja uangalizi unaokubalika kisheria.

Kwa hiyo familia zinafanya nini? Zinamchukua msichana mmoja anayelala ndani. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mtu anayelipwa 60,000 na kuitwa usiku na mchana anapata kama shilingi 83 kwa saa. Kwa fedha hiyo anabeba uhai wa mtu. Simlaumu mwenye nyumba ambaye hana zaidi; wengi wanaolipa 60,000 wanailipa kwa shida kubwa. Ninachokataa ni kumshangaa msichana anapoondoka ghafla siku ya gulio bila kuaga, na kusema mabinti wa siku hizi hawana utu. Alikuwa hajalala.

Hata pale fedha ni chache, kuna mambo yasiyogharimu. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inataka masharti ya kazi yaandikwe. Karatasi moja inatosha: kazi ni zipi, nani anaamka usiku upi, mshahara unalipwa lini na nani. Hilo la nani ni muhimu, maana msichana anayeajiriwa na watoto watano hana mwajiri hata mmoja. Kila anayeulizwa mshahara anasema mwenzake alishatuma. Na siku yake ya kupumzika lazima iwe na mtu wa kushika nafasi, la sivyo si siku ya kupumzika.

Upande wa pampasi, wazee wetu waliuguzwa kwa vitambaa vya kanga kuukuu vilivyokunjwa, na chini yake plastiki. Njia hiyo bado inafaa mchana nyumba ikiwa na maji ya bomba na jua la kuanikia, pampasi ikiwekwa akiba ya usiku na ya safari. Inapunguza sana gharama. Inaongeza pia kufua, na kufua ni saa za mtu yule yule, kwa hiyo msiseme mmeokoa fedha kabla hamjauliza nani anafua.

Fedha yenyewe hutoka wapi? Mstaafu wa serikali au wa kampuni ana pensheni ya PSSSF au NSSF, na mstaafu aliyechangia bima ya afya ya NHIF huendelea na matibabu pamoja na mwenza wake. Mtumishi mwenye kadi ya bima hiyo anaweza pia kumwandikisha mzazi wake miongoni mwa wategemezi, na wengi hugundua hilo wamechelewa, nafasi zimejaa watoto. Lakini bima hulipa daktari, kipimo, dawa na kitanda cha wodi. Mtu wa kumgeuza mzee saa nane za usiku hayumo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi. Kilio kinachosikika ni kwamba daktari anaonwa bure na dawa inaandikwa kwenye karatasi ya kwenda kununua dukani. Ruzuku ya TASAF hufika kwa kaya maskini kila baada ya miezi miwili, ikisaidia unga na sare za wajukuu. Mvuvi wa Moa, mkwezi wa Pangani, mama lishe wa barabara ya kumi na tatu, hao hawakuchangia mfuko wowote maishani, na ndio wengi.

Wanategemea simu iite. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na wenzake wakafuata, fedha ya mtoto hufika kwa mama kabla chai haijapoa. Tozo ya miamala ya Julai 2021 iligusa hasa mzunguko huu, na kelele zilizopigwa hadi ikapunguzwa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, kelele za watu wanaotunza wazazi kwa mbali. Sehemu ya fedha hiyo inatoka Oman na Falme za Kiarabu, ambako wanawake wa pwani na visiwani wamekwenda kufanya kazi za ndani. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza namna wengi wao walivyofanyishwa kazi saa nyingi mno bila siku ya mapumziko, pasipoti zao zikiwa zimefungiwa. Fikirini mnyororo huo. Mwanamke wa Tanga analea watu wa nyumba ya mtu huko Ghuba, anatuma fedha, na fedha hiyo inamlipa msichana wa Usambara amlee mama yake. Msichana wa Usambara naye ana bibi nyumbani, na hakuna anayetuma huko.

Lakini mchango mkubwa kuliko wote haupiti kwenye simu, na hapo ndipo ndugu hugombana. Katika kikundi cha WhatsApp cha familia, aliyetuma 100,000 anaandika, wote wanasema "Mungu akuzidishie, kaka". Dada aliyelala saa tatu usiku, akaamka saa sita, saa nane na saa kumi, hana cha kuandika. Mwisho wa mwaka kaka anao ushahidi wa miamala, yeye ana maumivu ya kiuno, na kikao cha familia kinaanza na swali la namna alivyotumia fedha. Nimeona ndugu wa damu wakiacha kusalimiana kwa sababu hii. Dada wa namna hiyo hajawahi kula fedha ya mama. Hakuwa tu na kumbukumbu za maandishi, wala hakuna aliyedhani kwamba usiku wake una thamani.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika ukanda huu, jambo hili linaendelea hadi kwenye mirathi. Mzazi akifa, fungu la binti ni nusu ya fungu la kaka yake, awe aliuguza miaka saba au alikuja msibani tu. Wasia haumsaidii, kwa kuwa wasia haumwendei mrithi ila warithi wengine waridhie. Ninayoyasema hapa siyasemi kupinga sheria ya mirathi. Nasema sheria hiyo hiyo ina mlango ambao familia zetu hazibishi hodi. Mzazi akiwa hai na akili yake timamu anaweza kutoa hiba, akamkabidhi anayepewa, mbele ya mashahidi: chumba cha mbele cha kupangisha, minazi kadhaa, cherehani. Wanazuoni wanahimiza usawa kati ya watoto katika hiba, na ndiyo maana izungumzwe wazi na ndugu wote wajue kwamba inalipa kazi iliyofanyika. Au ndugu wakubaliane kumlipa anayeuguza mshahara wa kila mwezi, kama ambavyo wangemlipa mgeni. Wapo watakaosema kumlipa binti kwa kumuuguza mama yake ni kuuza radhi. Mimi naona radhi za mama haziathiriki binti yake akipata fedha ya kununua viatu. Aliyefunga kibanda chake cha chipsi ili aje kuuguza amekwishalipa; ndugu wanamrudishia tu sehemu.

Wajerumani, ambao mji wao wa Eckernförde una udugu na Tanga tangu zamani, walianzisha bima ya uangalizi mwaka 1995, na bima hiyo humpa mgonjwa fedha anazoweza kumlipa hata ndugu yake anayemtunza, na yule ndugu huchangiwa pensheni yake. Nchi ile ni tajiri na utaratibu wake hauwezi kuletwa hapa kama ulivyo. Ila wazo lake linabebeka: anayeuguza nyumbani anafanya kazi, naye atazeeka.

Kuna kundi jingine ambalo hesabu zote hizi za ndugu hazilihusu. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kwa miongo mingi uliutajirisha mkoa huu. Watu wa hapa hawakupenda kazi ile, kwa hiyo mashamba yalileta manamba kutoka Kigoma, Njombe, Msumbiji na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ili kuwakusanya kwa malori na treni. Bei ya mkonge ilianguka nyuzi za plastiki zilipoenea, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, na wakataji wengi hawakurudi kwao. Wengine hawakuwa na nauli, wengine hawakuwa tena na mtu wa kumrudia. Katika kambi za zamani za Muheza, Korogwe na pembezoni mwa Amboni wamezeeka watu waliojenga bandari hii kwa mikono na hawana ukoo ndani ya mkoa. Wanaowatazama ni majirani waliokata mkonge nao.

Kwa watu kama hao serikali ina makazi ya wazee. Nchi nzima hayafiki ishirini, na Tanga yako Mwanzange. Makazi haya yana kazi ya lazima na watumishi wake wanastahili heshima, lakini hayawezi kuwa jibu kwa mkoa wa watu milioni mbili na laki sita, na hata wazee wenyewe wengi wangependelea kubaki kambini, karibu na mti na kaburi la mwenza wao, mtu akipita kuwaangalia. Hilo la mtu kupita limewahi kufanyika mkoani humu. Hospitali ya Teule ya Muheza ilianzisha huduma ya hospisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu yake ikiwafuata wagonjwa mahututi vijijini, kuwapunguzia maumivu na kuwafundisha ndugu zao namna ya kuwatunza. Ilifanyika kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Njia za vijijini ni zile zile na vidonda ni vile vile.

Serikali nayo imeshaweka msingi wa kitu kinachoweza kukua. Januari 2024 ilizinduliwa programu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha 137,294 nchi nzima, watu wanaochaguliwa na mitaa na vijiji vyao, wanaofunzwa na kulipwa posho. Mkazo wake mkubwa uko kwa mama na mtoto, lishe, kifua kikuu, malaria. Mhudumu huyu tayari anaingia kila nyumba. Akifundishwa kutambua kidonda cha kulalia kikiwa bado alama nyekundu, kupima presha ya mzee nyumbani mwake na kumwonyesha anayeuguza namna ya kuinua bila kuumia mgongo, mkoa utapata huduma ambayo hakuna familia inayoweza kuinunua. Ningependa halmashauri ya jiji na zile za Muheza, Mkinga na Pangani zianze kwa kata chache.

Halafu kuna pensheni. Zanzibar, tunayoiona mwanga wake usiku tukisafiri baharini, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alichangia wala kama ana watoto, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Mwaka 2020 ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Kenya inawalipa wenye miaka 70 na kuendelea shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee limekuwa likitoa pensheni ndogo kwa bibi na babu tangu 2003, na ilionekana kwamba fedha ile ilikwenda kwenye chumvi, sabuni, chakula na viatu vya shule vya wajukuu. Tanzania Bara bado haina pensheni ya wazee wote.

Shilingi 50,000 haimlipi mtu wa kuuguza. Tumeshaona hesabu. Lakini inalipa pampasi za usiku za mwezi mzima kwa bei ile tuliyoitumia, moja kila usiku, na inabaki 5,000. Usiku mmoja wenye pampasi ni usiku ambao shuka hazifuliwi saa tisa, mzee halali kwenye unyevu, na yule binti anapata kulala kati ya kugeuza na kugeuza.